Chupa Sita za Ulezi

Hedley, jirani yangu wa ukuta mmoja,
aliacha kazi ya bima akafuga kuku.
Kuku wanne, ua wa hatua saba,
huku Walkley, Sheffield, ambako mtaa umeinama
hata chungwa likikuponyoka dukani
utalikuta mtoni.

Kila kuku ana jina,
na jina limechongwa kibaoni juu ya kiota.
Sukumawiki imepandwa kwenye beseni la kuogea,
nyuki wamekaa juu ya paa la choo cha zamani,
na mbolea, jamani, anaisifia
kama anayesifia mkwe.

"Haya ndiyo maisha, Aikande," huniambia,
akipangusa udongo kwenye suruali
aliyoinunua ikiwa imeshachakaa.
"Huu ndio mtindo tuliouchagua."

Namjibu, ndiyo, Hedley.
Simwambii kwamba mtindo huo naujua,
ila kwetu uliitwa karo.
Mama aliamka saa tisa usiku,
akachemsha ndizi hadi zikawa nyekundu,
akasaga ulezi uliokwisha kuota,
akatia gome la msesewe kwa uchungu wake,
na kufikia Jumamosi pipa lilikuwa linanong'ona.
Kata moja, kalamu.
Kata kumi, kiatu cha kushoto.
Cha kulia kilingoja sikukuu.
Kuku wetu hakuna aliyempa jina.
Tuliogopa kumzoea.

Lakini Hedley si mtu mbaya.
Mwezi wa pili, theluji ilipoziba mlango wangu,
alikuja na koleo, na mayai matatu mfukoni.
Moja lilipasuka likamchuruzika hadi goti.
Hakusema neno, aliendelea kuchota.
Ndiyo maana siku aliyoniuliza
kama na sisi tuna bia yetu,
nilipanda ngazi, nikashusha kilo mbili za ulezi
niliouweka kwa ajili ya uji.

Tulipika kwenye shimo la makaa chini ya nyumba yake:
yeye na kipimajoto, na daftari, na mizani ya sonara,
mimi na kidole cha shahada.
Aliandika: nyuzi sitini na tano.
Nikamwambia aandike: moto wa kukuudhi,
usiwe wa kukufukuza.
Msesewe hatuna. Akaleta hopi,
viua vya kijani vinavyonuka
kama majani yaliyofyekwa na mtu mwenye hasira.
Tukajaza chupa sita, tukazifunga. Mapema.
Nilijua ni mapema, nikanyamaza.
Mama hakuwahi kufungia mbege chupani.
Mbege haipendi kufungiwa.

Alhamisi watu wakajaa shimoni.
Philippa na fidla yake,
tarishi mstaafu na kodiani,
kijana mmoja wa gitaa, ndevu za babu, umri wa mjukuu.
Hakuna kipaza sauti, hakuna kiingilio,
bakuli tu la sarafu karibu na viazi.
Walikuwa kwenye wimbo wa taratibu,
wa machimbo yaliyofungwa na wanaume waliobaki nyumbani,
vichwa vimeshainama,
ndipo chupa ya kwanza ikasema pa!

Ya pili. Ya tatu.
Povu likapaka dari.
Tarishi hakusimama. Alihesabu kwa mguu
akaipokea chupa ya nne pale pale kwenye pigo.

Nilicheka mpaka nikakalia gunia.
Hedley, ulezi ukimdondoka masikioni,
akaniuliza kama hii ni kawaida.
Nikasema: kwetu, ikifanya hivi, polisi wanasikia.

Mbili zilizobaki tulizifungulia uani,
tumejikinga kwa mfuniko wa pipa la taka.
Akanywa. Akafumba macho.
Ndizi hakuna, akasema, lakini kuna kitu,
akakitafutia jina, akakikosa,
akaandika daftarini alama ya kuuliza.

Mimi nilikijua.
Kilikuwa kiatu cha kulia.
Nilitaka kumwambia, lakini kuku mmoja,
yule Winifred nadhani,
alikuwa ameshafika kwenye dimbwi la povu,
anainamisha kichwa, anakiinua,
anainamisha, anakiinua,
na kule chini walikuwa wameanza wimbo mwingine.